Pete ya Chuma Kwenye Tangi

Mwanangu Zaituni,

Zile salamu za hofu na mashaka kwa aliye mbali nimeshindwa kuzitumia, maana hujaenda mbali bado. Dakika hii uko kwa mjomba wako Shomari, nyumba ya nne kutoka hapa, unapewa wosia, na mimi huku barazani nasikia mpaka kikohozi chake. Nimeshaswali Alasiri. Nimechana karatasi kwenye daftari lako la zamani la jiografia, na kalamu yenyewe inaandika ikipenda.

Mambo ya nauli, chandarua, watu wa kuwaamini na watu wa kuwakwepa huko Dakawa, hayo sikuandikii. Anakuambia mjomba wako, na ndiyo kazi yake kwa mtoto wa dada yake. Mila yetu imenipunguzia mzigo. Umebaki mmoja tu, na huo Shomari hawezi kunibebea kwa sababu haujui.

Jana ulipokuwa unasugua madumu ulichuchumaa kando ya tangi ukaniuliza, "Baba, hii pete ya chuma kwenye zege ni ya nini?" Nikakuambia ni ya kufungia mbuzi. Ukanitazama. Ukasema, "Sawa, baba," ukaendelea kusugua. Zaituni, mimi na mama yako hatujawahi kufuga mbuzi hata siku moja. Mtu mzima mwenye mvi, nimeulizwa swali la maneno kumi na mwanangu mwenyewe, nimekimbilia mbuzi. Sijalala vizuri.

Kwa hiyo nitakuambia pete ile ni ya nini. Halafu nina ombi, na nisikuzungushe, nalitaja hapa hapa: nataka uamue kama niendelee kukaa kwenye nyumba hii au niondoke. Nyumba ni yako sasa. Mama yako aliipata kwa mama yake, wewe umeipata kwa mama yako, na mimi ni mume niliyekuja na sanduku moja na mwiko wa kujengea. Tangu mama yako afariki, mwaka juzi, hakuna aliyenigusa, na sababu ni kwamba wewe upo na mimi ni baba yako. Kesho hupo. Shomari ni mtu mwema, hatanifukuza. Lakini sitaki kukaa hapa kwa wema wa mtu asiyejua nilichofanya. Nataka anayejua aseme.

Nianze na mama yako, maana nikianza na mimi nitajitetea.

Umekua ukiona yale mabeseni matatu nyuma ya jiko ukadhani kila nyumba inayo. Mimi nilipooa nilicheka. Kwetu, kule chini, mto ulipita nyuma ya jiko, mtu anaosha sufuria akiwa amesimama majini. Nimefika huku juu nakuta mke wangu anaosha mchicha, maji ya mchicha yanaloweka masufuria, ya masufuria yanakwenda kwenye mgomba. Maji ya kusuuzia nguo yanasugua choo. Maji ya uso wangu, uso wangu mimi, yanamwagiwa miche ya nyanya chungu. Nikamwambia, "Hadija, haya maji yamechoka, yape likizo." Akanijibu bila kugeuka, "Maji hayachoki. Anachoka anayeyafuata."

Na wewe unajua chemchemi ilivyo. Kushuka ni nusu saa, kupanda na dumu kichwani ni saa nzima na magoti yako. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakumjua mama yako. Siku moja nilipiga teke ndoo hapo sebuleni, kwa bahati mbaya, na yeye akapiga magoti na kitambaa, akayafuta sakafuni, akayakamua kwenye beseni la mgomba, tone kwa tone, na hakunigombeza. Niliona haya. Nikatoka nje nikajifanya nina kazi.

Enzi zile mvua zilikuwa na adabu. Vuli ilikuja kwa wakati wake, masika kwa wakati wake, na chemchemi ilitoka maji ya unene wa mkono. Halafu tukaanza kusubiri. Mwaka huu vuli inachelewa, mwaka ujao inakuja wiki mbili na kukatika. Ikija inakuja yote kwa pamoja, inasomba udongo wa mananasi mpaka barabarani, kesho yake vumbi. Chemchemi ikabaki na maji ya unene wa kidole. Wanawake wakawa wanapanga madumu kabla ya adhana ya Alfajiri.

Mimi nilikuwa fundi mjini, Kilakala na kwingineko, nikijenga nyumba za watu wenye mabomba. Huko ndiko nilikojifunza kujenga tangi la kuvuna mvua. Nikaweka mabati nyumba yetu, nikafunga gata za kukingia maji, nikachimba, nikajenga kwa tofali, nikapiga lipu mara tatu. Simenti nilipandisha kichwani kutoka barabara ya Matombo, mfuko kwa mfuko. Mama yako alibeba mchanga na wewe mgongoni. Hilo uliweke akilini, maana mimi nililisahau haraka: mchanga wote wa tangi lile aliubeba yeye.

Masika ya kwanza tuliacha mvua mbili zioshe bati, kisha nikageuza bomba liingize ndani. Usiku ule nilisikiliza maji yakiingia mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi watu walikuja kutazama. Mzee mmoja akagonga ukuta kwa fimbo akasema, "Fundi, hapa umefanya kazi." Kichwa kikavimba.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipoanza, na halikuanzia kwenye ubahili. Nilikuwa nimekaa kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu miaka sita. Shamba si langu. Migomba si yangu. Ukivunwa mkungu, naletewa sahani. Hata wewe, kwa ukoo, si wangu, na nilijua hayo kabla sijaoa, mimi pia ni Mluguru, sikudanganywa. Baba yangu aliishi hivyo hivyo kwa ukoo wa mama yangu na sikumsikia akilalamika. Lakini kujua jambo na kulilalia kila siku si kitu kimoja. Tangi lilikuwa kitu cha kwanza mahali hapa ambacho niliweza kusema ni changu, na nikaanza kulipenda kupita kiasi, mpaka nikawa nalifagilia kandokando.

Ukaja mwaka ambao vuli haikuja kabisa. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Watu wakaanza kupita na ndoo zao, na mama yako alimpa kila aliyekuja, ndoo moja, hakuwahi kumrudisha mtu. Bibi yako alikuja kila asubuhi na ile ndoo yake ndogo ya bati yenye kiraka chini. Mimi nilikata mwanzi, nikauchonga mikato kumi na miwili, nikawa nautumbukiza tangini jioni kupima maji yamefika mkato wa ngapi. Kumi na mmoja. Kumi. Tisa. Nilikuwa nauona mwanzi ule mpaka ndotoni. Siku niliyoanza kupima ndiyo siku niliyoacha kuona watu wakija. Niliona ndoo zinakuja.

Nikamwambia mama yako maji yataisha. Akasema yatapungua kwa kila mtu, na mvua ikija yataongezeka kwa kila mtu. Nikamwambia hayo ni maneno ya watu wasiojua simenti inapandishwaje. Alikuwa anamenya magimbi. Aliweka kisu chini, akanitazama kwa muda, akakishika tena. 

Kesho yake nilishuka Mkuyuni, ilikuwa siku ya soko, nikanunua kufuli. Nilitoboa zege pembeni ya mfuniko, nikapindisha kipande cha nondo kikawa pete, nikakichomekea na kukizibia kwa simenti. Mfuniko wenyewe wakati huo ulikuwa wa mbao, nikaupigilia komeo. Nikafunga. Ufunguo nikautia kamba, nikauvaa shingoni. Asubuhi nafungua, nachota ndoo mbili, nafunga. Jioni vile vile. Nikajiita mtunzaji. Nilikuwa nasema hivyo hivyo kwa sauti, "Mimi natunza," na neno lenyewe ni zuri, hakuna anayeweza kulipinga, ndiyo maana lilinifaa.

Bibi yako akaja asubuhi na ndoo yake, akakuta kufuli. Unajua mimi na yeye, kwa heshima ya ukwe, hatukusemezana ana kwa ana miaka yote. Angeweza kumwita binti yake, angeweza kupiga kelele mpaka kijiji kikajaa. Hakufanya hivyo. Aliigeuza ndoo yake mdomo chini, akaiweka juu ya mfuniko, karibu na kufuli, akaondoka mikono mitupu. Mimi nilikuwa dirishani. Na mimi, Zaituni, mjinga mimi, nilijiambia amesahau ndoo. Nilikupa wewe uirudishe. Ukaenda nayo ukiwa umeivaa kichwani unaimba.

Tangu siku ile mama yako hakuchota tena kwenye tangi. Hakugomba. Alivaa ngata yake, akabeba dumu, akashuka chemchemi pamoja na wenzake, akasimama foleni pamoja nao. Zile ndoo zangu mbili alizitumia kwa chakula changu na kuoga kwangu na kwa ajili yako. Yeye alikunywa ya chemchemi, alipikia mama yake ya chemchemi, alitawadha kwa ya chemchemi. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alisema, "Maji ya baba Zaituni ni ya baba Zaituni." Akanikaribisha chai.

Ningeweza kuvua kamba ile shingoni siku ya kwanza. Au ya pili. Nilikuwa nasubiri achoke. Hilo ndilo ninaloona haya nalo kuliko kufuli lenyewe, kwamba kila siku nilimwona akipanda na dumu, shingo imekaza, nami nikajisemea leo atachoka, kesho atachoka, nimeshashinda. Ilikuwa karibu miezi miwili.

Njia ya chemchemi wakati wa kiangazi si ya kuteleza, ila pale wanapomwagia wabeba maji. Udongo mkavu, juu yake maji ya ndoo za wengine. Alianguka hapo, na dumu juu yake. Wenzake walimleta wamemlaza kwenye kitanda cha kamba, hapo hapo nikakata kamba ya ufunguo kwa meno, nikafungua kufuli na kulitupa jikoni. Niliutumbukiza mwanzi, sijui kwa nini niliutumbukiza, mkono tu ulikwenda. Ulilowa mpaka mkato wa saba.

Soma hapo tena. Wewe umeambiwa tangu utotoni kwamba mama yako alivunjika nyonga mwaka ule tangi lilipokauka. Tangi halikukauka mwaka ule. Lilikuwa na maji zaidi ya nusu.

Hospitali mjini walifanya walichoweza. Mfupa uliunga vibaya. Ule mguu uliozoea kumwona mama yako akiuburuta, ule ambao watoto wenzako walikutania nao ukaja unalia, haukuwa wa kuzaliwa wala wa uzee. Ulikuwa wa kufuli langu.

Shomari wakati huo alikuwa Turiani kwenye vibarua vya miwa. Akaja mbio. Alikaa kando ya kitanda, hapo chumbani, bibi yako yuko mkekani, wanawake watatu wa jirani wako mlangoni, mimi nimeegemea ukuta. Akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. "Dada, una tangi nyumbani. Chemchemi ulifuata nini?"

Wote pale walijua. Bibi yako alijua, majirani walijua, kila mmoja alikuwa ameliona kufuli kwa macho yake. Mama yako angesema maneno mawili tu, ningefunga sanduku langu siku ile ile, na ingekuwa haki. Alisema, "Maji ya tangi yalikuwa yamekwisha."

Shomari akamgeukia bibi yako. Na yule mama, ambaye nilimfungia maji kwenye ardhi yake mwenyewe, akatazama mkeka, akasema, "Yalikuwa yamekwisha."

Basi. Majirani wakaitikia kimya kimya, na imebaki hivyo mpaka leo.

Baadaye nilimuuliza mama yako kwa nini. Ilinichukua siku nyingi kupata ujasiri wa kuuliza. Alisema, "Wakikuondoa, nani ataniinulia ndoo?" Nilidhani anatania, nikamtazama usoni, hakuwa anatania. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno, Zaituni. Kila mara nilikuwa na kazi. Nilimjengea benchi la kukalia jikoni, nikaongeza gata upande wa pili, nikatoa mfuniko wa mbao nikaweka wa zege wenye mshikio. Fundi akikosa neno hujenga kitu. Mwaka juzi tulipomzika nilikuwa bado sijalisema, na nilisimama pale kaburini nikilitamka, wakati wa kulisikia umepita.

Unaweza kudhani nilipofungua tangi mambo yalirudi. Hayakurudi. Nililiacha wazi, nikakaa barazani kumsubiri mtu. Hakuja mtu. Watu walipita na madumu yao wakanisalimia vizuri tu, "Habari za hapa," "Nzuri," wakashuka chemchemi. Masika ikaja, tangi likajaa, likafurika, maji yakapita uani mpaka njiani, na hakuna ndoo iliyoletwa. Mimi na tangi langu. Nilitaka kiwe kitu changu peke yangu, na kwa muda wa mvua nzima kilikuwa changu peke yangu.

Aliyevunja hilo ni mama yako. Siku moja alisimama na fimbo yake, akachota maji nusu kwenye ile ndoo ndogo ya bati, aliyokuwa amekutuma kuichukua kwa bibi yako, akaanza kwenda kwa mama yake. Umbali wa kurusha jiwe. Ilimchukua asubuhi nzima. Nilimfuata nikitaka kumpokea, akasema, "Hii niachie." Sijui walizungumza nini huko ndani. Kesho yake bibi yako alikuja mwenyewe. Mimi nilikuwa hapa barazani, na kwa kuwa hatusemezani, aliliambia tangi. Alisema, "Haya, tangi, hujambo? Nimekuja." Akachota, akaenda zake. Mwezi ule ule majirani wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Na mimi ndipo nikaanza kujifunza maji, nikiwa na umri wa kuwa mjomba wa watu. Mama yako alikaa kwenye lile benchi akanielekeza kwa fimbo, hili beseni la kwanza, hili la pili, hapana, hilo lina sabuni usimwagie mche, hilo la choo. Yule yule niliyemcheka. Ule mwanzi wa kupimia sikuutupa, lakini tulipoupima tulipima pamoja na majirani, na mkato ukifika wa tano tunakubaliana nyumba ngapi zichote ndoo ngapi. Hatujawahi kukaukiwa. Miaka mingine tumebaki na vidole viwili vya tope chini, ila kila mtu alikuwa amejua, na aliyepunguziwa alikuwa ameambiwa ana kwa ana.

Nimeambiwa kwamba huko kwenye mashamba ya mpunga utakuwa mgawaji wa maji, na utakabidhiwa funguo za mageti ya mfereji. Ulipoleta ile habari ulirukaruka, na mimi nikatoka nje kama nilivyozoea. Ulidhani sijafurahi. Nilifurahi, mwanangu, mpaka nikaogopa. Makufuli ya huko yanahitajika, sisemi yaondolewe, mfereji mkubwa bila geti ni fujo. Mimi nasema juu ya shingo inayovaa ufunguo. Mimi nilijua shingo yangu ilivyokuwa. Ikitokea siku huna budi kumfungia mtu, nenda kwake, kaa, mwambie wewe mwenyewe, na umsikilize akikutukana mpaka amalize. Kufuli halijui kumwambia mtu samahani. Na ukiona mtu ameacha ghafla kukulalamikia, anakukaribisha chai tu, mkimbilie huyo kabla ya wote.

Sina zaidi ya hilo la kukufundisha. Mengine unanishinda.

Sasa nikuambie habari ya nyumba hii, usije ukafikiri naomba kubaki kwa sababu ya raha. Wiki iliyopita ulipokwenda mjini siku tatu kushughulikia barua yako ya kazi nilijaribu kukaa peke yangu. Niliosha sahani moja, sufuria moja, kikombe. Niliyapitisha maji kwenye mabeseni yote matatu kama mama yako alivyotaka. Siku ya tatu niliyapeleka kwenye mgomba wake nyuma ya jiko, yalifika shina moja, yakaisha. Mtu mmoja hachafui maji ya kutosha. Nilisimama pale na beseni tupu nikaona aibu ya kulia mbele ya mgomba, lakini nililia. Nyumba ni kimya mpaka nasikia bati la paa likitoa sauti linapopoa jioni. Majirani wanakuja kuchota, wanasalimia, wanaondoka. Sio wabaya. Wana nyumba zao.

Kama nikiondoka nina pa kwenda. Shangazi yako pale Kilakala ana chumba cha uani, amesema mara nyingi. Kuna bomba, linatoa maji siku linazotaka. Sitakufa. Kwa hiyo usinihurumie katika kuamua. Amua juu ya yule mtu aliyemtazama mama yako akipanda mlima na dumu miezi miwili akisubiri achoke. Je, huyo umwachie nyumba ya mama yako? Ukisema hapana, sitakuuliza sababu, nami nitaendelea kuwa baba yako popote nitakapokuwa. Kuhusu mjomba wako, baada ya safari yako nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, liwalo na liwe. Uongo ule waliusema wanawake wawili kwa ajili yangu, na wote wamekwishalala kaburini. Si vizuri kuwaachia waendelee kuubeba.

Sauti ya Shomari imenyamaza, nadhani mmefika kwenye dua. Barua hii naiweka juu ya begi lako. Nitakwenda msikitini kwa Magharibi na nitakaa huko mpaka Isha iishe, ili usome bila mtu kukutazama. Nikirudi usinisemeshe habari hii. Wewe na mimi hatuna ufundi wa maneno ya namna hii, mmoja atalia, mwingine atatoka nje, na tunajua nani.

Ile ndoo ndogo ya bati ya bibi yako nimeitoa stoo, nimeisugua kwa majivu, nimeiweka juu ya tangi karibu na pete. Kesho kabla bodaboda haijaja kukuchukua, pita hapo. Kama ni niondoke, igeuze mdomo chini kama bibi yako alivyofanya. Safari hii sitasema umeisahau. Kama ni nibaki, chota maji, uiweke mlangoni kwangu, nitayatumia kutawadhia, kisha nitayapeleka kwa mgomba.

Na ukichota, usiijaze mpaka ukingoni. Kiraka chake kimelegea, na kuna jiwe hapo kwenye kona ya jiko. Yatamwagika bure.

Baba yako